Lubumbashi: jakaranda zimemwaga maua, joto limefika. Mnapanda lini msimu huu?

Njia_ya_Kipushi
Jambo kwenu wote. Jakaranda za mjini zinamwaga maua, maembe yameshafunga, na mchana hauendeki kwa joto. Juzi usiku mvua ilipiga upande wetu, barabara ya Kipushi, nusu saa hivi, radi nyingi kuliko maji. Asubuhi majirani wote walikuwa mashambani na majembe. Mimi nimeshalima hekta moja na nusu, mbegu ninayo ndani, mbolea bado. Mama watoto anasema nisibaki nyuma. Mzee wa jirani yangu ananionyesha majani mekundu ya msituni, anasema msitu umeshasema, wewe unangoja nini?

Nipande au ningoje? Na msimu unaokuja mnautazamia vipi? Bukari (ugali) ya mwaka huu nimeinunua yote dukani. Ya mwaka kesho nataka itoke shambani kwangu.

Katuba_ya_Chini
Yaya, huku Katuba joto iko mubaya. Usiku hatulale. Umeme unaenda saa mbili, unarudi watu wameshaamka. Wewe panda tu, tukule.

Mama_Sokoni
Panda, papa. Mahindi mabichi ya kwanza ndiyo yenye bei. Yakifika yote pamoja Februari na Machi, hakuna anayekuuliza.

Agro_Kasapa
Papa wa Kipushi, usipande bado. Nitaeleza, ni refu, mnivumilie.

Lubumbashi kwa wastani Oktoba hupata karibu milimita 30 za mvua, mwezi mzima. Novemba kama 150. Desemba, Januari na Februari kila mmoja unafika 250 au karibu na hapo. Machi bado inanyesha vizuri, Aprili inakata, na kuanzia Mei hadi Septemba mbingu imefunga. Jumla ya mwaka ni milimita 1,200 na ushee. Kwa hiyo ile nusu saa ya juzi huenda ikawa sehemu kubwa ya mvua yote ya Oktoba hapo kwako. Kwa joto hili mbegu inaota haraka sana, halafu mche unakutana na wiki mbili za jua tupu. Hapo unarudi dukani kununua mbegu mara ya pili, na muuzaji hatakupunguzia kwa sababu anakuonea huruma.

Kwa nini inakuwa hivi? Kipwa chote, yaani kiangazi, tunapigwa na upepo wa kusini-mashariki, mkavu, ndio uliotuletea baridi ya Juni na Julai. Septemba jua linavuka ikweta kurudi kusini. Kwenye tarehe 23 au 24 Oktoba, saa sita mchana, linapita utosini mwetu kabisa. Mawingu hakuna, nyasi zimeungua, udongo uko uchi. Joto lote hilo linatoka hapo. Hewa yenye maji yenyewe inakuja kutoka upande mwingine, kaskazini-magharibi, ikiwa imepita juu ya misitu ya bonde la Kongo. Hewa hizi mbili zinakutana kwenye mpaka, na mpaka huo haushuki kusini kwa mkupuo mmoja. Unakuja, unarudi, unakuja tena. Siku ukifika juu yetu tunapata dhoruba: upepo, vumbi, radi, maji kidogo. Kesho yake umerudi kaskazini na jua linawaka kama jana. Ukishatupita na kutulia kusini kwetu, ndipo mvua inakuwa ya kila baada ya siku mbili tatu. Miaka mingi hiyo ni katikati ya Novemba, mingine mwishoni.

Sasa majani mekundu. Mzee wako haongopi, ila anasoma kitu kingine. Miti ya miombo ina mizizi mirefu, inanywa maji ya chini na kutoa majani wiki kadhaa kabla ya mvua, tone likianguka lisianguke. Wekundu ni rangi ya majani machanga, inadhaniwa inayakinga na jua kali mpaka yakomae yawe kijani. Mwaka wa mvua ya mapema yanatoka, mwaka wa mvua ya kuchelewa yanatoka vilevile. Yanakuambia ni Septemba au Oktoba. Jakaranda nazo ni hivyohivyo. Kalenda unayo tayari ukutani.

Wa kuulizwa ni udongo. Mvua ikinyesha, ngoja asubuhi, chukua jembe, chimba. Unyevu ukiishia kwenye urefu wa kidole, rudi nyumbani. Ukifika sentimita 20 bila kukutana na vumbi chini yake, na mvua imerudi mara mbili tatu ndani ya wiki hiyo, panda siku hiyo hiyo. Usingoje Jumamosi eti ndiyo siku ya shamba.

Mzee_wa_Likasi
Mwanangu wa Kasapa, umesema vizuri, lakini usimfanye mtu angoje mpaka Noeli. Sisi tulilelewa na watu waliotangulia mvua. Mahindi yaliyowahi yana rangi yake, kijani nzito. Yaliyochelewa yanakuwa njano hata ukimwaga mbolea. Hilo nalo limo kwenye vitabu vyenu?

Agro_Kasapa
Limo, mzee, na uko sahihi. Udongo uliokauka miezi mitano ukiloweka mara ya kwanza, vijidudu vyake vinaamka na kuachia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mahindi yaliyokwisha kuota yanaikuta. Zikija mvua kubwa za Desemba zinaizamisha chini, mizizi michanga haiifikii. Halafu kuna viwavi jeshi wale wageni waliofika Afrika 2016. Mahindi machanga ya mwishomwisho ndiyo wanayoyapenda. Na ukipanda tarehe 15 Desemba mbegu ya siku 120, inakomaa katikati ya Aprili wakati maji yamekwisha.

Kwa hiyo dirisha lipo: kuanzia mvua itulie, katikati ya Novemba hivi, mpaka mwanzo wa Desemba. Ninayempinga ni yule anayepanda Oktoba kwa sababu ya radi moja.

Mzee_wa_Likasi
Hapo tunaelewana. Sisi tulikuwa tunapanda kipande. Mvua ya kwanza robo ya shamba, mbegu ya nyumbani, si ya kununua. Ikiungua, imeungua. Ikishika, unakula mabichi mbele ya watu.

Mama_Sokoni
Mnaona? Mzee ananipa haki.

Lushois_wa_Liège
Salamu kutoka Ubelgiji. Nawasoma na wivu. Huku majira ya kuchipua ni Machi mpaka Mei, miti inatoa majani jua likirudi na mvua ikiwa palepale, mtu hajui ashangilie au achukue mwavuli. Nakuja nyumbani Desemba na watoto. Nimewaambia Desemba huko ni katikati ya majira ya joto, kusini mwa ikweta mambo yamegeuka. Wamepanga nguo za bwawa la kuogelea tu. Niko sawa?

Katuba_ya_Chini
🤣🤣 Yaya, leta mabuti.

Agro_Kasapa
Kwa jua, uko sawa. Kwa ngozi, hapana. Huku kilele cha joto ni sasa, Oktoba, mchana unapita nyuzi 30 bila shida. Desemba mawingu yanafunika, mchana unashuka chini ya hapo, usiku unalala vizuri. Watoto watapata jua la asubuhi, mvua ya alasiri, na matope muda wote. Waambie wabebe na sweta nyepesi.

Lushois_wa_Liège
Aksanti. Mama yao atanicheka. Masuku, yale matunda ya msituni, yatakuwepo bado?

Mama_Sokoni
Masuku yanaanza sasa hivi, Desemba mwanzoni unakuta ya mwisho. Maembe utayakuta mengi mpaka uyachoke. Nswa, yaani kumbikumbi, zinaruka na mvua za kwanza, utakuta zilizokaushwa. Na bowa, baba, uyoga wa msituni, hapo ndipo utakapokula. Barabara zote za kutoka mjini, ya Likasi, ya Kasenga, ya Kipushi, akina mama wamepanga beseni pembeni. Ila usinunue kwa mtu anayeuza uyoga mara ya kwanza maishani mwake. Nunua kwa mama mzima anayejua alipouchuma.

Fundi_Mabati_Ruashi
Mnaongea mahindi na uyoga, mimi naongea mabati. Mvua za kwanza si maji yanayoharibu, ni upepo. Huo mpaka wa hewa anaousema Agro ukipita, upepo unatangulia, unaingia chini ya bati na kulinyanyua. Kila mwaka simu yangu inaanza kulia baada ya dhoruba ya kwanza, na wote wanataka leo.

Pandeni juu sasa, kungali kukavu. Misumari iliyolegea mgongoni mwa bati irudishwe, iliyooza itolewe. Mawe na matairi juu ya paa ni kujidanganya. Upepo ukinyanyua bati, jiwe linakuwa la kumwangukia mtu. Boriti ifungwe kwenye ukuta kwa waya au chuma, si kuilaza juu ya tofali tu. Mwisho wa paa, pale linapotokeza nje, ongeza misumari, maana upepo unaanzia hapo.

Njia_ya_Kipushi
Bei ya fundi sasa na Novemba ni moja?

Fundi_Mabati_Ruashi
Sasa tunaongea. Novemba nakuambia tu 😄

Dada_Kampemba
Kwetu karibu na mto Naviundu hakuna anayesubiri mvua kwa furaha. Kanivo (mitaro) zimejaa chupa za plastiki na taka za kipwa chote. Mvua kubwa ya kwanza inazibeba mpaka mlangoni. Visima vimeshuka sana, watu wanachimba zaidi, ndoo inapanda na tope. Halafu mvua ikija, vyoo vinafurika na maji yaleyale yanaingia kwenye kisima kilekile. Kipindupindu hakitoki mbali.

Tumejipanga vijana wa avenyu yetu kuzibua kanivo Jumamosi. Tunachoomba ni mkokoteni wa kubebea uchafu, kwa sababu ukiuacha pembeni ya kanivo, mvua inaurudisha ndani. Mwenye mkokoteni aniandikie kwenye sanduku langu la ujumbe.

Na kina mama: maji ya kisima mchemshe au mtie dawa kuanzia sasa, msingoje mtu aanze kuharisha.

Kijana_wa_Kenya
Makala (makaa) nayo? Huku kwetu mtaa wa Kenya nimesikia gunia linapanda.

Mama_Sokoni
Linapanda kila mvua ikishika. Lori linakwama njiani, kuni zimelowa, tanuru haiwaki vizuri, na mchoma makala mwenyewe amerudi shambani kulima. Mwenye pa kuweka anunue sasa, aweke juu ya mbao, si chini.

Agro_Kasapa
Na kila mwaka lori linatoka mbali zaidi. Miombo iliyokuwa karibu na mji imekwisha kukatwa. Mzee wa jirani wa papa wa Kipushi ana bahati kuwa na majani mekundu ya kuonyesha.

Kijana_wa_Kenya
Swali la umeme. Mvua ikianza, delestaji, huku kukatiwa umeme kwa zamu, itapungua?

Fundi_Umeme_L'shi
Si mara moja. Huku kwetu kuna mabwawa ya umeme: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Zote zinategemea mvua ya Katanga yenyewe. Sasa hivi mito iko chini kabisa, mwisho wa kipwa. Mvua ya Novemba inanywewa na udongo kwanza, haifiki mtoni. Mabwawa yanaanza kujaa vizuri Januari na Februari. Kisha kuna laini ile ndefu ya kutoka Inga, bwawa la mto Kongo, kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi. Mto Kongo hauyumbi sana kwa sababu unakusanya maji pande zote mbili za ikweta, huku kukiwa kipwa kule kunanyesha. Lakini migodi inakula umeme mwingi, na transfoma ya mtaani ikizeeka haijali bwawa limejaa au la. Kwa hiyo maji peke yake hayakuwashii taa.

Na dhoruba za Oktoba ndizo zinazoua friji na televisheni. Kabla radi haijaanza, chomoa kwenye ukuta. Usizime kwa kitufe tu.

Mwana_Kamalondo
Radi nyingine zinatumwa. Msijifanye hamjui. Mbona inapiga nyumba moja inaruka nyingine?

Fundi_Umeme_L'shi
Inapiga kilicho kirefu na kilicho peke yake. Nguzo, mwembe katikati ya uwanja, mtu anayetembea shambani na jembe begani. Hao ndio wanaopigwa kila mwaka, wenye maadui na wasio nao. Ukisikia ngurumo, toka shambani, ingia nyumbani au ndani ya gari. Usijifiche chini ya mti. Ukishasema imetumwa, utatafuta wa kumpiga badala ya kutafuta pa kujificha, na watu wamekwisha umizwa kwa hilo.

Mwana_Kamalondo
Nimesema tu.

Kasumba_Transit
Nashinda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naona malori ya unga kila siku, niongeze neno kuhusu bukari. Mnaangalia mawingu ya Lubumbashi, lakini sahani zenu zinaangalia mawingu ya Zambia. Msimu wa 2023/24 huku kwetu mvua haikuwa mbaya kiasi hicho, ila Zambia kati na kusini ilikauka. Tarehe 29 Februari 2024 rais wa Zambia, Hichilema, alitangaza janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 zilikumbwa, hekta kama milioni moja za mahindi zikaharibika kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Mahindi hayakuwa yanavuka kama kawaida, na mnakumbuka bei ya mfuko wa unga mtaani. Msimu uliofuata mvua zikarudi, wakavuna zaidi ya tani milioni 3.6 mwaka 2025, tukapumua.

Ndiyo maana mimi nikisikia El Niño, bahari ya Pasifiki ikipata joto kupita kawaida, nashtuka, na nikisikia La Niña, ikipoa, natabasamu kidogo.

Agro_Kasapa
Tabasamu kidogo tu, ndugu. El Niño mara nyingi inakausha kusini mwa Afrika: Zambia ya kusini, Zimbabwe, mpaka Afrika Kusini. La Niña mara nyingi inawanyeshea. Sisi Katanga ya kusini tuko pembezoni mwa mchezo huo, athari kwetu ni hafifu na si ya kutegemea. Kuna mwaka wa El Niño ambao sisi tunanyeshewa vizuri na jirani anakauka, kama ulivyosema mwenyewe.

Kuna utabiri wa msimu wa nchi za SADC, SARCOF, unatoka kila mwaka kabla ya mvua kuanza, na METTELSAT, idara ya hali ya hewa ya kwetu, inashiriki. Usomeni, lakini usomeni kwa namna yake: unasema nafasi ya kupata mvua pungufu, ya kawaida au ya kuzidi kwa miezi mitatu mitatu. Hausemi utapanda tarehe ngapi Kipushi. Miezi mitatu inaweza kuwa na mvua ya kutosha kabisa na bado ukapata wiki mbili kavu palepale mahindi yanapotoa maua. Hicho ndicho kinachonitia hofu mimi kuliko tarehe ya kuanza.

Mzee_wa_Likasi
Hapo mchanganye mazao. Mahindi, na karanga pembeni, na viazi vitamu Januari, na mihogo kwenye kona. Mihogo haijui La Niña.

Katuba_ya_Chini
Mzee ametupiga 😂

Njia_ya_Kipushi
Aksanti nyote, hasa Agro na mzee. Leo asubuhi nimekwenda na jembe. Unyevu umefika vidole viwili, chini ni vumbi jekundu. Majirani wameshapanda yote. Mimi nitafanya kama mzee alivyosema: kipande kidogo karibu na nyumba kwa mbegu ya kienyeji, hata leo, ili mama watoto anyamaze. Hekta iliyobaki inangoja Novemba. Mbolea nanunua wiki hii kabla foleni haijaanza.

Swali la mwisho. Katikati ya shamba nina kichuguu kikubwa, kirefu kuniliko mara mbili. Kuna mtu wa matofali anataka kukinunua. Nimuuzie au nikisawazishe nipande juu yake?

Agro_Kasapa
Usiuze chote. Udongo wa kichuguu una rutuba na chokaa kuliko ardhi nyekundu iliyokizunguka, ambayo ni chachu na maskini wa fosforasi. Mwachie wa matofali sehemu ya juu kama unahitaji pesa ya mbolea. Sehemu ya chini itawanye shambani kwa toroli kabla ya kupanda, na pale kilipokaa panda mboga: maboga, lengalenga, nyanya. Utaona tofauti msimu huu huu.

Mzee_wa_Likasi
Na uchunguze kama wenyewe, mchwa, wamehama. Kama bado wamo, watakula mbegu zako kabla ya mvua.

Njia_ya_Kipushi
Wamo, mzee. Jana jioni nimewaona.

Mama_Sokoni
Basi ngoja kwanza nswa ziruke, papa, unikamatie ndoo mbili. Natuma mtoto kuzichukua.